Kanda ya Ziwa Inaongoza kwa Saratani? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya na Mtakwimu Mkuu wa Serikali

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Ndugu Mtakwimu Mkuu wa Serikali,

YAH: KUUNGANISHA REJESTA ZA SARATANI NA TAKWIMU ZA SENSA NA MAKAZI

Kauli kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wa saratani nchini imeshasikika bungeni, redioni na magazetini mara nyingi kiasi kwamba wengi wanaichukulia kuwa jambo lililothibitishwa. Ikishatamkwa, sababu hufuata bila kuchelewa: huyu hutaja zebaki ya wachimbaji wadogo, yule dawa za kunyunyizia mashamba, mwingine maji ya ziwa. Barua hii haikusudii kuikanusha kauli hiyo wala kuitetea. Inakusudia kuonyesha kwamba idadi ya wagonjwa peke yake, hata ikihesabiwa kwa uaminifu wote, haiwezi kutuambia kama ni ya kweli, na kwamba kinachohitajika ili kulijibu swali hilo tayari kimelipiwa na wananchi na kimehifadhiwa chini ya mamlaka zenu mbili. Rejesta za saratani ziko upande wa afya, hesabu ya watu na ramani za makazi ziko upande wa takwimu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunayo mawili, ila hayasomani.

Tuanze na hesabu nyepesi. Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, mikoa sita ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16, katika Tanzania Bara yenye watu 59,851,347. Hiyo ni zaidi ya robo ya Bara nzima. Kwa hiyo, katika kila wagonjwa 100 wapya wa saratani, tungetarajia kama 27 watoke katika mikoa hiyo hata kama hatari ya kuugua huko ni ileile ya Ruvuma au Singida. Wakiwa 27, hakuna la ajabu. Wakiwa 40, tuna jambo zito la kuchunguza, na lichunguzwe haraka. Wakiwa 20, swali linageuka: je, watu wa huko wanaugua kidogo, au wengi wanafia nyumbani bila kupimwa? Kanda yenye watu wengi kuliko nyingine itaongoza kwa wagonjwa wa saratani kama inavyoongoza kwa watoto wa darasa la kwanza na kwa wapigakura. Kuongoza huko hakusemi lolote kuhusu hatari mpaka idadi ya wagonjwa igawanywe kwa idadi ya watu ambao miongoni mwao wagonjwa hao wametoka.

Kigawanyo hicho nacho hakitulii. Mwaka 2012 tulihesabiwa watu 44,928,923. Mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120, ongezeko la asilimia 37 katika miaka 10. Atakayechukua wagonjwa wa 2022 na kuwagawanya kwa watu wa 2012 ataonyesha kwamba saratani imepanda kwa zaidi ya theluthi, ilhali hatari kwa kila mtu inaweza kuwa haijasogea hata kidogo. Mwingine atasema basi tupandishe kila mkoa kwa wastani wa taifa. Jaribuni kwa Dar es Salaam: kutoka watu 4,364,541 wa mwaka 2012, wastani huo ungetupa karibu milioni 6, lakini sensa ilikuta 5,383,728. Tungekuwa tumewagawanya wagonjwa wa jiji kwa watu zaidi ya laki sita wasiokuwepo, na kiwango cha saratani kingeonekana kidogo kwa takriban asilimia 10 kuliko kilivyo. Wakati huohuo mkoa wa Pwani, unaopokea watu wanaojenga pembezoni mwa jiji, ulitoka kama milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Huko wastani wa taifa ungepotosha kwa upande wa pili, na kwa kiasi kikubwa zaidi. Mikoa hii miwili imepakana, na watu wa mmoja hutibiwa katika hospitali za mwingine. Hata hapo hesabu moja ya jumla haifai. Seuze kati ya Kigoma na Mtwara.

Umri nao una sauti kubwa. Saratani nyingi ni magonjwa ya watu wazima na wazee, na nchi yetu ni changa: zaidi ya watu wanne katika kila 10 hawajafikisha miaka 15. Uchanga huo haukugawanyika sawasawa. Mkoa kama Kilimanjaro, ambako uzazi umepungua siku nyingi na vijana wengi huondoka kutafuta maisha, una wazee wengi zaidi kwa uwiano kuliko Geita au Simiyu. Tukilinganisha viwango ghafi, Kilimanjaro itaonekana ina saratani nyingi kwa sababu tu ina watu wengi waliofikia umri wa kuugua, na Simiyu itaonekana salama kwa sababu imejaa watoto. Wataalamu wa takwimu za saratani duniani waliliona tatizo hili zamani, ndiyo maana hukokotoa viwango vya kila kundi la umri kisha wakavipima vyote kwa mgawanyo mmoja wa umri uliokubaliwa kimataifa. Kazi hiyo haifanyiki bila jedwali la watu kwa umri na jinsi katika kila eneo, na mwenye jedwali hilo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, si hospitali.

Hayo yanahusu watu wote. Upande wa wagonjwa kuna udhaifu unaojulikana na kila anayeandika kumbukumbu katika hospitali ya rufaa. Mgonjwa anayetoka Lindi kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road hufikia kwa ndugu, Mbagala au Gongo la Mboto. Akiulizwa dirishani anakaa wapi, hutaja anakolala usiku huo, maana ndiko anakoweza kupatikana kwa simu na ndiko atakakorudi baada ya mionzi. Jibu lake ni la haki kabisa, ila kwa takwimu ni hasara maradufu: Dar es Salaam imeongezewa mgonjwa asiye wake, na Lindi imepunguziwa. Yanayompata wa Lindi huko Dar yanaweza kumpata wa Simiyu akifika hospitali ya Bugando, Mwanza, au wa Manyara akifika hospitali ya KCMC, Moshi. Miji yenye wataalamu na mashine huonekana vyanzo vya ugonjwa, na wilaya za mbali huonekana zimesalimika. Kanuni ya kimataifa ya rejesta za saratani inataka mgonjwa ahesabiwe katika makazi yake ya kawaida, yaani mahali alipokuwa akiishi kabla ugonjwa haujamwondoa. Kanuni hiyo haitekelezeki kwa swali moja la haraka na nafasi ya maneno mawili kwenye jalada.

Kwa nini nayatilia mkazo haya yote? Kwa sababu Afrika Mashariki yenyewe ilikwisha kuifundisha dunia thamani ya kujua saratani iko wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama wameuona, kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa bara. Ramani aliyoichora ilionyesha ugonjwa unaofuata joto na mvua na kukimbia nyanda za juu zenye baridi, mwendo uleule wa malaria. Wakati huo Michael Epstein, aliyekuwa amemsikia Burkitt akihutubia London, alianza kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kukipata, na leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Lakini somo hili lina upande wa pili unaosahauliwa. Ramani ya Burkitt ilifaulu bila sensa nzuri kwa sababu tofauti aliyoifuata ilikuwa kubwa mno: huku watoto wengi wanaugua, kule hakuna kabisa. Tofauti tunazozitafuta leo, za mara moja na nusu au mara mbili kati ya halmashauri na halmashauri, hazionekani kwa kuweka nukta kwenye karatasi. Zinahitaji kigawanyo.

Mfano wa kigawanyo kikifanya kazi upo Marekani. Mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo ilichapisha atlasi ya vifo vya saratani kwa kila kaunti, ikitumia vifo vya miaka 1950 hadi 1969 na idadi ya watu kutoka kwenye sensa zao. Kaunti kadhaa za kusini-mashariki zilionekana na vifo vingi vya saratani ya kinywa kwa wanawake. Watafiti walikwenda North Carolina, wakakuta chanzo kikubwa ni tumbaku ya kuwekwa mdomoni. Kwenye pwani ya Georgia wanaume walionekana wakifa zaidi kwa saratani ya mapafu. Uchunguzi uliwapeleka kwenye karakana za meli za wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambako wafanyakazi walivuta vumbi la asbesto. Ramani haikutaja tumbaku wala asbesto. Iliwaambia watafiti tu waende wapi na wakaulize nini, na iliweza kufanya hivyo kwa kuwa kila kifo kilikuwa na kaunti yake na kila kaunti ilikuwa na hesabu ya watu wake kwa umri na jinsi.

Maswali ya aina hiyo tunayo mengi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, liliwaweka minyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya binadamu mwaka 1994, kwa sababu ya saratani ya kibofu. Wilaya zetu zenye kichocho zinajulikana. Tungependa kujua kama saratani ya kibofu inazifuata, na kama dawa zinazogawiwa shuleni zinaipunguza. Saratani ya umio inaushika upande wa mashariki wa bara kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Kilimanjaro ikiwemo, na sababu zake bado zinatafutwa. Vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 vimetajwa na shirika hilohilo, mwaka 2016, kuwa huenda vinachangia. Na hiyo kauli ya Kanda ya Ziwa: ikiwa ni zebaki, saratani fulani zitazidi kwenye halmashauri za wachimbaji na si katika nyingine za kanda hiyohiyo. Halmashauri zote zikiwa sawa, tutafute kwingine.

Ninachoomba ni mambo matatu. La kwanza ni kwa Wizara: kila mgonjwa anayegunduliwa na saratani aulizwe maswali mawili badala ya moja, yaani anafikia wapi sasa na alikuwa akiishi wapi mwaka mmoja kabla ya kuanza kuugua, na jibu la pili liandikwe kwa namba. Namba zipo. Mfumo wa anwani za makazi umeipa kila kata postikodi ya tarakimu 5, na sensa ya 2022 iligawa nchi yote katika maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwenye ramani na kutumiwa kwenye vishikwambi. La pili ni kwa Mtakwimu Mkuu: kila mwaka yatolewe makadirio ya watu kwa umri na jinsi kwa kila halmashauri, pamoja na jedwali la mipaka linaloeleza kata gani ilihamia wapi. Mwaka 2012 tulipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Bila jedwali hilo, Mbeya itaonekana imepungukiwa saratani ghafla kwa sababu tu imegawanywa. La tatu ni lenu wote wawili: dawati moja dogo la pamoja lenye mamlaka ya kisheria ya kukutanisha madaftari haya mawili, na kuchapisha matokeo kila mwaka.

Najua yatakayosemwa. Litakuja kwanza la fedha: wagonjwa wanasubiri mionzi, mnataka tununue ramani? Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba mashine ya mionzi ikishafungwa mahali hukaa hapo miaka mingi, na wanaoihitaji husafiri kuifuata. Kuamua iende Mbeya, Dodoma au Tabora kwa kuhesabu wagonjwa waliofika Dar es Salaam ni kuamua kwa kuwatazama waliomudu nauli. Aidha, ninachoomba si ununuzi mpya. Sensa imeshalipiwa, anwani zimeshabandikwa, na programu ya rejesta inayotumiwa na nchi nyingi za Afrika hutolewa bure na shirika la Lyon. Gharama iliyobaki ni ya mafunzo kwa watunza kumbukumbu na mishahara ya watakwimu wachache.

Wengine watasema takwimu za taifa tunazo tayari: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Makadirio hayo yana manufaa, lakini hayakushuka kutoka mbinguni. Yamejengwa juu ya rejesta zilezile chache zinazohudumia maeneo maalumu, kama zile za Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, kisha yakatandazwa juu ya nchi nzima. Yanatuambia nchi ina mzigo wa kiasi gani. Hayawezi kumwambia mkurugenzi wa halmashauri ya Mpanda au Newala lolote kuhusu watu wake. Na kasoro ya makazi iliyomo kwenye rejesta zetu huingia humo pia, ikarudi kwetu ikiwa na muhuri wa kimataifa.

Hoja nzito kuliko zote ni hii: ramani itachorwa kwa waliogunduliwa, na vijijini wengi hawagunduliwi, kwa hiyo itaonyesha zilipo hospitali, si ulipo ugonjwa. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kutaka taarifa za kijiografia. Tukijua makazi ya mgonjwa, tunaweza kupima umbali wake na hospitali yenye maabara ya kuchunguza vinyama. Kama kiwango cha saratani ya matiti kinashuka kadiri tunavyotoka Mwanza, na waliotoka mbali wanafika wakiwa hatua ya nne, hapo tumeona upungufu wa huduma uliojificha chini ya sura ya afya njema. Kasoro inayoweza kupimwa inaweza pia kurekebishwa. Kasoro tuliyonayo sasa haipimwi, kwa sababu waliotoka mbali wameandikwa kuwa wakazi wa mjini.

Kuna la siri za wagonjwa, na hapa tahadhari inastahili. Katika kata yenye mgonjwa mmoja wa saratani adimu, kuchapisha namba ni sawa na kuchapisha jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa msingi na Tume ya kuusimamia, na utaratibu wa kitakwimu unaongeza ngome ya pili: kata ibaki ndani ya rejesta, kinachochapishwa kiwe cha halmashauri, na idadi ndogo zifichwe au ziunganishwe. Kuunganisha miaka kunahitajika pia kwa sababu ya ukweli wenyewe. Halmashauri ya Bara ina wastani wa watu kama 325,000. Saratani inayowapata watu 2 katika kila 100,000 itatoa huko wagonjwa sita au saba kwa mwaka, na kwa bahati tu mwaka huu wanaweza kuwa 3 na mwaka ujao 10. Anayechapisha mwaka mmoja mmoja atazua hofu na faraja za uongo kwa zamu. Miaka 5 kwa pamoja ndiyo ianze kusema. Kwa wanaohofia kwamba ramani itaipa wilaya fulani jina baya, jibu ni fupi: Kanda ya Ziwa imeshapewa jina hilo bila ramani, na haina pa kukata rufaa.

Muda nao hautusubiri. Mwaka 2018 nchi ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Wasichana hao wa kwanza watafikisha miaka 35 mwaka 2039, na kuanzia hapo ndipo faida kubwa ya chanjo itaanza kuonekana kwenye rejesta. Siku hiyo Bunge litauliza ni wapi chanjo imefanya kazi na ni wapi imeshindwa, na jibu litategemea kama tulijua kiwango cha kila halmashauri kabla matunda yake hayajaingia kwenye hesabu. Kiwango cha leo hakiwezi kupimwa kesho. Mgonjwa ambaye makazi yake hayakuandikwa mwaka huu hatarudi mwaka 2039 kuulizwa. Sensa ijayo, kwa utaratibu wetu wa kila miaka 10, ni ya 2032, na ya 2022 inazidi kuchakaa kila mwaka usiotumika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoiomba ni ndogo na ina kipimo. Anzeni na mikoa inayohudumiwa na rejesta za Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, pamoja na mikoa inayopakana nayo. Andikeni makazi halisi kwa postikodi ya kata, chukueni kigawanyo cha Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa umri na jinsi, na chapisheni jedwali moja la viwango kwa halmashauri, likiwa na maelezo ya wazi ya mapungufu yake. Jedwali hilo litatosha kumjibu mbunge atakayesimama tena kuuliza kuhusu Kanda ya Ziwa, na litaionyesha Serikali pa kupeleka daktari, maabara na mashine inayofuata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi na mwandishi wa makala

Nakala: Wizara ya Afya Zanzibar na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, kwa kuwa saratani haiulizi kama afya ni jambo la Muungano, na shehia zinastahili hesabu ileile inayoombwa kwa kata.